Karatasi, Karata na Kadi: Kuifuata Mizizi ya Kilatini na Kigiriki Ndani ya Kiingereza

Chukua maneno matano ambayo msemaji wa Kiswahili huyatumia bila kuyafikiria: karatasi, karata, kadi, katoni na katuni. La kwanza lilitufikia kwa Waarabu, la pili kwa Wareno, na matatu yaliyobaki kwa Waingereza, kwa nyakati mbalimbali na kwa shughuli zisizofanana. Hata hivyo yote ni ya ukoo mmoja. Wagiriki wa kale waliuita “khartes” ukurasa wa mafunjo yaliyogandamizwa ili yaandikiwe. Warumi wakalichukua neno hilo wakalitamka “charta”. Upande wa mashariki likaingia katika Kiarabu likiwa “qirtas”. Na huko Italia likazaa “cartone”, yaani karatasi nene ambayo wachoraji waliitumia kuchorea rasimu kabla ya kuihamishia ukutani. Kiingereza kililipokea neno hilohilo zaidi ya mara moja, kila mara kwa mlango mwingine, ndiyo maana leo kina “card”, “chart”, “charter”, “carton” na “cartoon”, ambayo mwanafunzi huyakariri kama maneno matano yasiyojuana.

Somo la mizizi ya Kilatini na Kigiriki ndilo linaloahidi kumpunguzia mwanafunzi huyo mzigo. Kwa kawaida hufundishwa kwa orodha: “bio” ni uhai, “geo” ni ardhi, “tele” ni mbali, “aqua” ni maji, na anayezikariri themanini au mia huambiwa kwamba ameshika ufunguo wa lugha nzima. Sina ugomvi na orodha hizo kama mahali pa kuanzia. Ugomvi wangu ni kwamba zinauonyesha mzizi kama kitu kisichobadilika umbo wala maana, ilhali umbo la mzizi hubadilika kwa sababu zinazoelezeka, na maana yake hutueleza jinsi neno lilivyozaliwa tu, bila kuamua lilivyokuja kutumiwa baadaye. Asiyeyajua mambo hayo mawili atasaidiwa na orodha yake katika neno la kwanza, kisha itampotosha katika la pili.

Jambo la kuliweka sawa kwanza ni kwamba Kiingereza si mtoto wa Kilatini. Ni ndugu wa Kijerumani na Kiholanzi, kilichopelekwa katika kisiwa cha Britania na makabila ya Waangli na Wasaksoni kuanzia karne ya 5, na maneno yake ya kila siku, kama vile ya kula, kulala, maji, mkono na nyumba, mengi bado ni ya wahamiaji hao. Kilatini kiliingia kwa mafungu. Fungu la kwanza waliondoka nalo bara kabla ya kuvuka bahari, kwa sababu ya kufanya biashara na askari wa Kirumi: “wine” kutoka “vinum”, “cheese” kutoka “caseus”, “street” kutoka “strata”, yaani njia iliyotandazwa mawe. Neno hilo la mwisho lilipita pia upande wa mashariki, na wataalamu wengi huamini kwamba ndilo “sirat” ya Kiarabu, ambayo Waislamu wa pwani huitaja katika kila rakaa.

Fungu la pili lilikuja na wamishonari wa Papa Gregori, walioongozwa na Augustino na kufika Kent, Uingereza, mwaka 597. Hapo ndipo neno “bishop” lilipoota. Asili yake ni “episkopos” ya Kigiriki, maana yake mwangalizi: “epi” ni juu, na “skopos” ni mwenye kutazama. Neno hilohilo lilipokelewa na Waarabu likawa “usquf”, na kutoka kwao sisi tukapata “askofu”. Kwa hiyo askofu na “telescope” wametoka katika mzizi mmoja wa kutazama, mmoja akilitazama kundi lake na mwingine akizitazama nyota.

Kisha mwaka 1066 William wa Normandy akaiteka Uingereza, na kwa vizazi vingi Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, mahakama na meza ya bwana. Mchungaji aliendelea kumwita ng’ombe wake “cow”, lakini nyama ikifika mezani iliitwa “beef”. Kwa kuwa Kifaransa chenyewe ni mtoto wa Kilatini, mamia ya mizizi ya Kirumi iliingia ikiwa tayari imelainishwa na midomo ya Wafaransa. Katika karne ya 16 na ya 17 wasomi hawakuridhika na hilo, wakaenda kuchota moja kwa moja katika vitabu vya Kilatini na Kigiriki, na wakachota kwa pupa kiasi kwamba kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, iliyochapishwa na Robert Cawdrey mwaka 1604 ikiwa na maneno takriban 2,500, ilitungwa mahususi kuwafafanulia wasomaji maneno magumu ya namna hiyo.

Matokeo ya mafungu hayo ni kwamba wazo moja katika Kiingereza huwa na maneno mawili au matatu yenye uzito tofauti. Kuuliza ni “ask” kwa neno la kienyeji, “question” kwa lililopita Ufaransa, na “interrogate” kwa lililotolewa vitabuni, na kila hatua inamsogeza anayeulizwa karibu zaidi na kituo cha polisi. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa hali hii, kwa kuwa anajua bila kuambiwa kwamba kifo na mauti ni kitu kimoja, na bado hawezi kubadilishana maneno hayo ovyo katika sentensi zake. Mizizi ya Kilatini katika Kiingereza inashika nafasi inayokaribiana na ile ya maneno ya Kiarabu katika Kiswahili cha sheria, dini na elimu.

Wasomi wale wa karne ya 16 na watangulizi wao walituachia pia adha ambayo wengi huilaumu bila kujua chanzo chake, yaani herufi zinazoandikwa bila kutamkwa. Waingereza walipopokea neno la deni kutoka Kifaransa waliliandika “dette”, bila “b” yoyote. Baadaye wenye elimu, wakikumbuka kwamba Kilatini kilisema “debitum”, waliipachika “b” ili asili ionekane, likawa “debt”, na “doubt” likafanyiwa vivyo hivyo kwa ajili ya “dubitare”. Walipofika kwenye neno la kisiwa walikosea kabisa: waliliwekea “s” kwa kudhani kwamba linatokana na “insula”, kumbe “island” ni neno la kienyeji ambalo halikuwahi kuwa na “s” wala uhusiano na Roma. Sisi tuliozoea lugha inayoandikwa inavyotamkwa tuna haki ya kushangaa, lakini angalau mshangao huo una tarehe na sababu.

Mambo ya tahajia yana mantiki zaidi upande wa Kigiriki. Warumi walipotaka kuandika sauti za Kigiriki ambazo hawakuwa nazo, walitumia herufi mbilimbili: “ph”, “ch”, “th”, “rh”. Ukiona “ph” ikitamkwa kama “f”, au “ch” ikitamkwa kama “k” katika “chemistry” na “chorus”, unaweza kukisia kwa usalama mkubwa kwamba neno ni la Kigiriki. “Ch” ya “child” ni ya kienyeji, na ile inayotamkwa kama “sh” katika “machine” imepita Ufaransa. Mzizi wa “machine” na wa “mechanic” ni uleule mmoja, “mekhane”, yaani chombo au hila ya kufanyia kazi. Ila wa kwanza ulipita Paris na wa pili ukabaki vitabuni, na sisi tumeipokea tofauti hiyo ikiwa imekamilika, tukaita mashine ile inayoharibika na makanika yule anayeitengeneza.

Ugumu unaowakatisha wengi tamaa ni wa umbo. Orodha inasema mzizi wa kushika au kutwaa ni “cap”, kisha mwanafunzi anakutana na “capture”, “accept”, “recipient” na “receive”, akaambiwa kwamba yote ni ya mzizi huo. Anahisi anadanganywa. Hapa msemaji wa Kiswahili ana faida ambayo sijaona ikitumiwa vya kutosha darasani. Hakuna anayebabaika kwamba mlinzi hulinda, mpishi hupika, mwizi huiba na mfuasi hufuata, ingawa “d” imegeuka “z”, “k” imegeuka “sh”, “b” imegeuka “z” na “t” imegeuka “s”. Tunajua, pasipo kuifikiria kanuni, kwamba sauti fulani hubadilika zikikutana na kiambishi fulani. Kilatini nacho kilikuwa na desturi yake: kitenzi kikipewa kiambishi mbele, irabu yake ya ndani ilidhoofika. “Capere” ikawa “accipere” na “recipere”, na katika umbo la kutendwa “acceptus”. “Facere”, yaani kutenda au kutengeneza, ilifuata njia hiyohiyo, ndiyo maana “fact”, “effect” na “efficient” ni watoto wa nyumba moja. “Receive” ni “recipere” iliyokaa Ufaransa miaka mingi.

Viambishi vya mbele vina tabia zao pia. Kikanushi cha Kilatini ni “in”, lakini tunaandika “impossible”, “illegal” na “irregular”. Sababu yake imo midomoni mwetu wenyewe. Ngeli ya N katika Kiswahili hutupa nyumba ndefu, lakini chumvi mbaya na ndizi mbovu, kwa kuwa “n” ikikutana na “b” hufungwa na midomo ikawa “m”. Wingi wa ulimi ni ndimi, na wa uwingu ni mbingu. Warumi hawakujifunza hilo kwetu wala sisi kwao. Ni kazi ya ulimi na midomo, ambayo ni ileile kwa wanadamu wote. Anayelitambua jambo hilo hana haja ya kukariri kwamba kiambishi “ad”, chenye maana ya kuelekea, huonekana kama “ac”, “af”, “ap” na “at” katika “accept”, “affect”, “appear” na “attract”.

Kiungo ambacho hufafanua mambo mengi kwa pamoja ni moyo. Kwa Kigiriki ni “kardia”, kwa Kilatini ni “cor”, chenye shina “cord”, na kwa Kiingereza ni “heart”. Maneno haya matatu yanafanana kuliko yanavyoonekana. Mwaka 1786, William Jones, jaji wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi Calcutta, India, alieleza hadharani kwamba Kisanskriti (lugha ya kale ya India), Kigiriki na Kilatini lazima ziwe zimechipuka katika lugha moja ambayo huenda haipo tena. Mwaka 1822 Jacob Grimm, Mjerumani anayejulikana zaidi kwa hadithi za watoto, akaonyesha kanuni ya mabadiliko: palipo na “p” katika Kilatini, lugha za jamii ya Kijerumani huwa na “f”, palipo na “k” huwa na “h”, palipo na “d” huwa na “t”. Ndipo “pater” na “father” wanapopatana, na “piscis” na “fish”, na “decem” na “ten”, na “cord” na “heart”. Kiingereza, basi, kina neno lake la urithi, kisha kikaazima mabinamu wawili wa neno hilohilo. Daktari husema “cardiac”. Anayesema “record” anatumia moyo wa Kirumi bila kujua, kwa maana Warumi waliuona moyo kuwa makao ya kumbukumbu, na “recordari” kwao ilikuwa kulirudisha jambo moyoni. Rekodi zetu za riadha na za muziki zimetoka huko.

Uwili huu umejaa zaidi katika udaktari, na wanafunzi wa tiba wa Muhimbili, Makerere au Nairobi, ambao husoma kwa Kiingereza, huujua kwa jasho. Figo ni “ren” kwa Kilatini na “nephros” kwa Kigiriki, kwa hiyo kushindwa kwa figo huitwa kwa mzizi wa kwanza, “renal failure”, na ugonjwa wa figo kuvimba na kuwaka kwa mzizi wa pili, “nephritis”. Kwa jumla, ingawa si bila ubaguzi, majina ya sehemu za mwili huelemea Kilatini na majina ya maradhi huelemea Kigiriki. Tiba ya Roma yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wagiriki, ambao Galen wa Pergamon ndiye aliyekuwa mkubwa wao, ilhali wanaanatomia wa Ulaya waliomfuata na kumsahihisha, kama Vesalius katika kitabu chake cha mwaka 1543, waliandika Kilatini.

Katika fani hiyo herufi mbili zinaweza kuwa na uzito kuliko sentensi nzima. “Hypo” ni chini na “hyper” ni juu. “Glyk” ni utamu, na “haima” ni damu. Mgonjwa ambaye sukari yake imeshuka na yule ambaye sukari yake imepanda huandikiwa maneno yanayotofautiana kwa silabi moja tu, “hypoglycaemia” na “hyperglycaemia”, na anayehitaji glukosi haraka si yule anayehitaji insulini. Mwanafunzi aliyekariri jina zima anaweza kuliteleza. Aliyeelewa vipande vyake ana mahali pa kujishikiza.

Hapa nitoe ushauri wa kusoma ambao unatokana na muundo wa lugha yetu. Kigiriki huweka kinachobainisha mbele na kinachobainishwa nyuma, ilhali Kiswahili hufanya kinyume. “Thermometer” ni joto kisha kipimo, lakini sisi tunasema kipimajoto. “Photosynthesis” ni nuru kisha usanisi, na watunga istilahi wetu wakaigeuza vizuri ikawa usanisinuru. Kwa hiyo neno refu la namna hii msemaji wa Kiswahili na alisome kuanzia mkiani. “Gastroenteritis” inaanza na mwisho wake: “itis” ni ugonjwa wa kuvimba na kuwaka, “enter” ni utumbo, na “gastr” ni tumbo. Ukilisoma kutoka kulia neno linajipanga lenyewe kwa mpangilio wa Kiswahili.

Sasa twende kwenye mizizi inayofanana kwa sura tu. “Pedestrian” na “pedal” zinatoka kwa “pes, pedis” ya Kilatini, yaani mguu, lakini daktari wa watoto huitwa kwa “pais, paidos” ya Kigiriki, yaani mtoto. Waingereza huandika “paed” na hivyo kuitunza tofauti, Wamarekani wameifuta. “Homo” ya Kilatini ni mtu na “homos” ya Kigiriki ni sawa au moja, kwa hiyo kumuua mtu ni “homicide” na kitu kilicho sawa kote ni “homogeneous”. “In” nayo ni mbili, moja ya kukanusha na nyingine ya kuingia ndani, na hii ya pili ndiyo iliyomo katika “inflammable”, inayomaanisha chenye kushika moto kwa urahisi. Kwa kuwa wengi waliielewa kinyume, na kosa hilo linaweza kuchoma lori la mafuta, maandishi ya tahadhari siku hizi hupendelea “flammable”.

Kosa baya zaidi ni la maana, nalo huwapata hata walimu. Mtu akishajua asili ya neno huanza kuwasahihisha wengine, akidai kwamba maana ya kweli ni ile ya kwanza. Kalenda yetu inatosha kumjibu. Septemba ni ya saba, Oktoba ni ya nane, Novemba ni ya tisa na Desemba ni ya kumi kwa hesabu ya Kilatini, kwa sababu Warumi wa zamani walianza mwaka Machi, na hakuna anayefikiria kuihamisha Krismasi ili kuiheshimu etimolojia, yaani asili ya neno. Oksijeni ni kizalishaji cha asidi, jina ambalo mwanakemia Lavoisier alilitunga kwa Kigiriki akiamini kwamba kila asidi inayo oksijeni ndani yake; mwaka 1810 Humphry Davy akatangaza kwamba klorini ni elementi na kwamba asidi yake haina oksijeni, lakini jina likabaki. Malaria ni hewa mbaya kwa Kiitaliano, lugha iliyotokana na Kilatini, na jina hilo halikutikisika mwaka 1897 Ronald Ross alipoviona vimelea vya ugonjwa huo tumboni mwa mbu huko Secunderabad. Mwaka huohuo mwanafizikia J. J. Thomson alitangaza huko London kuwapo kwa chembe ndogo kuliko atomu, neno ambalo kwa Kigiriki maana yake ni kisichokatika.

Karibu na kosa hilo kuna jingine, la hadithi tamu zisizo na ushahidi. Husimuliwa sana kwamba “sincere” ni “sine cera”, bila nta, kwa sababu wachongaji walaghai walifunika nyufa za sanamu kwa nta. Habari hiyo wanaisimu hawaikubali. Husimuliwa pia kwamba “salary” inakumbusha askari wa Kirumi waliolipwa chumvi. Ni kweli kwamba “salarium” imejengwa juu ya “sal”, chumvi, lakini hakuna mwandishi wa kale anayesema wazi kwamba askari walipewa mshahara wa chumvi. Kila hadithi ya asili ya neno inayochekesha na kufundisha adabu kwa pamoja inastahili kupelekwa kwanza kwenye kamusi nzuri.

Kamusi hiyo ndiyo chombo kikuu cha somo hili kuliko orodha. Anayetaka kufaidika achukue neno moja alilokutana nalo katika kusoma kwake, atazame asili yake, kisha aandike chini yake ndugu anaowajua tayari, wakiwamo wa Kiswahili. “Skopos” itamletea askofu, “khartes” itamletea karatasi. “Ekklesia”, mkutano wa walioitwa, itamletea “ecclesiastical” kwa upande mmoja na kwa upande mwingine, kwa njia ya “igreja” ya Kireno, yaani kanisa, itamletea gereza. Mwelekeo huo wa maana huelezwa kwa historia ya ngome za Wareno katika pwani yetu, ambazo zilikuwa na kanisa ndani na baadaye zikafungiwa watu, kama ilivyokuwa Fort Jesus ya Mombasa.

Hata mahali pa kusomea pana ndugu zake. Bara la Tanzania na Kenya husema shule, kutoka “Schule” ya Kijerumani, na Zanzibar husema skuli, kutoka Kiingereza. Wajerumani na Waingereza wote walilipata neno hilo kwa Kilatini “schola”, na Warumi kwa Wagiriki. Kwa Wagiriki “skhole” ilikuwa wakati wa mapumziko, saa ambazo mtu hana kazi ya kufanya na anaweza kukaa kujadiliana na wenzake. Mtahiniwa wa kidato cha nne, anayekesha na kitabu cha biolojia wiki moja kabla ya mtihani, hana haja ya kujulishwa hilo mpaka amalize.